Kunywa ni Kunywa: Jibu kwa Wanaokionea Haya Kitenzi



Ipo kauli inayozunguka miongoni mwa wapenzi wa lugha mkoani Mara. Nimeisikia Musoma, nimeisikia Bunda, na nimeisikia hata Butiama, kwao Mwalimu aliyemfanya Shakespeare aseme Kiswahili. Kauli yenyewe ni kwamba Kiingereza kina kitenzi cha kunywa cha watu wa kawaida, na juu yake kina kingine cha waungwana, yaani imbibe. Kiswahili, wanasema, kimebaki na kimoja tu, tena cha jikoni. Kwa hiyo mwandishi mwenye staha hana budi kusema mhusika wake “anatumia kinywaji” au “anapata kinywaji”. Na mfasiri atakayekutana na imbibe katika maana yake ya pili, ile ya kuingiza fikra, imani au maadili ndani ya nafsi, akiri kwamba lugha yetu haina neno, kisha atafute njia ya kuzunguka.

Naipinga kauli hii yote, kichwa hadi mkia. Kitenzi “kunywa” hakina upungufu wowote wa heshima. Kile kinachotakiwa kukirithi, “kutumia”, ndicho kinachotupunguzia maana, na mahali pengine upungufu huo unaweza kumdhuru mtu. Na ile maana ya pili inayodaiwa kukosekana tunayo tangu zamani, tena kwa wingi kuliko hao tunaowaonea wivu.

Nianze na shairi, kwa kuwa hapa ni baraza la washairi. Niliwahi kupeleka shairi langu kwa mhariri mmoja, nisiyekusudia kumtaja. Likarudi na mstari umepigwa juu ya neno “akinywa”, na pembeni yameandikwa maneno “akitumia kinywaji”. Hebu tuhesabu pamoja. Akinywa: a-ki-nywa, mizani 3. Akitumia kinywaji: a-ki-tu-mi-a, 5, ki-nywa-ji, 3, jumla mizani 8. Kila malenga anajua 8 ni nini. Ni kipande kizima cha mshororo wa shairi letu la kawaida. Katika utenzi ni mshororo mzima, kuanzia mwanzo hadi kituo. Yaani mhariri yule alinitaka nitoe kipande kizima cha ushairi kwa kusema jambo ambalo mtoto wa miaka 2 hulisema kwa neno moja. Na baada ya gharama yote hiyo, msomaji bado hajui kama mtu yule alikunywa, alinusa, alimimina au alijipaka.

Tena tazameni kichekesho kilichomo. Wanalikimbia neno “kunywa” kwa kuliona la chini, wanakimbilia “kinywaji”, na mle ndani kitenzi kile kile wanakikuta kimekaa. Kinywaji kimetoka wapi kama si kwenye kunywa? Aonaye haya ya baba hawezi kujificha nyuma ya mtoto.

Sasa tukitazame hicho kinachopendekezwa. “Kutumia” ni mnyambuliko wa “kutuma”. Ukoo wake ni mtume, mtumishi, mtumwa, utumwa na matumizi. Mtu hutumia jembe, fedha, barabara au kalamu. Anayetumia yuko juu, na kinachotumiwa kiko chini yake, kinatumwa kwa kazi aitakayo. Kunywa hakuna mpango huo. Anywaye huingiza kitu ndani ya mwili wake, nacho kikishaingia kina lake la kufanya: maji yatamburudisha, dawa itamponya, sumu itamuua, tembo litamlewesha. Kitenzi “kunywa” kinakubali kwamba kinachonywewa kina nguvu juu ya mnywaji. Kitenzi “kutumia” kinalificha jambo hilo.

Nilimfahamu mzee mmoja Bunda ambaye kwa miaka mingi watu wa nyumba yake walimwelezea kwa adabu: “Mzee anatumia kidogo.” Akikosa kufika shambani, alikuwa ametumia. Akianguka njiani usiku, alikuwa ametumia kidogo zaidi. Hakuna aliyethubutu kusema “anakunywa”, achilia mbali “mlevi”. Hata alipofikishwa kwa tabibu na kuulizwa kama ni mnywaji, jibu lililotoka kwa jamaa zake lilikuwa hilo hilo: anatumia kidogo. Sisemi kitenzi kilimuua mzee yule. Kilichomuua ni gongo. Lakini kitenzi kilisaidia kwa muda mrefu kuwafanya watu waliompenda wasione kilichokuwa mbele ya macho yao. Walisema anaitumia pombe, kumbe miaka yote ile pombe ndiyo iliyokuwa ikimtumia yeye.

Nitajibiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya tafsida. Nakubali, tena kwa fahari. Mwanamke hujifungua, mzee hufariki, mgeni huomba kwenda haja. Tafsida hizi zina kazi: zinasitiri mwili katika mambo ambayo utamaduni wetu umeona yasitiriwe, au zinampunguzia mfiwa makali ya msiba. Lakini kunywa kuna aibu gani ya kusitiriwa? Mgeni akifika kwako Musoma na jua la saa 8 mchana, jambo la kwanza la heshima ni kumkaribisha maji ya kunywa. Ukimwambia, “Karibu upate chai,” hilo nalo ni jema, maana “kupata” hapo ni kauli ya mwenyeji anayetoa, na mgeni anajua atapata kwa kunywa. Siupingi ukarimu huo. Ninachopinga ni kuifanya tafsida kuwa sheria, hadi neno la asili lionekane tusi na mwandishi aliyelitumia aonekane hakufunzwa adabu.

Anayedhani “kunywa” ni neno la chini na aingie kanisani. Kwenye meza ya Bwana, pale ambapo Mkristo anaamini hakuna pahali patakatifu zaidi, Biblia ya Kiswahili inawaamuru wanafunzi wanywe. Haiwaambii watumie. Hakuna padri wala mchungaji, mjini au kijijini, aliyewahi kushika kikombe kile akawaambia waumini wakitumie. Muislamu arudiye Makka na chupa ya zamzam huwagawia jamaa zake wanywe, nao hunywa kwa niaba ya heri. Neno linalotosha kwa kikombe cha altare na kwa maji ya zamzam limepungukiwa na heshima ipi, hata lisitoshe kwa soda ya harusini?

Mwalimu Nyerere, ambaye kaburi lake liko Butiama tangu 1999, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare na baadaye akazitia Injili katika tenzi, zilizotolewa na Ndanda mwaka 1996. Angalieni namna alivyochagua maneno. Alipofika kwa yule mfanyabiashara wa Venisi, hakutafuta neno la kupambia. Alichukua “mabepari”, neno lililokuwa vinywani mwa watu na katika siasa ya nchi baada ya Azimio la Arusha la 1967, akaliweka juu ya jalada mwaka 1969. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu uteuzi ule, na wengi wamebishana. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba neno la barabarani lilimshinda kubeba tamthilia kubwa. Tafsiri yake ya kwanza ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, aliirudia akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari: hata tahajia ya jina aliiswahilisha zaidi. Alirekebisha kwa kusogea karibu na masikio ya watu. Leo sisi majirani wa kaburi lake tunarekebisha kwa kusogea mbali nayo.

Nije sasa kwenye hiyo imbibe inayotutia unyonge. Neno hilo Waingereza wamelitoa Kilatini, imbibere, na ndani yake mna bibere, ambacho kwa Mroma kilikuwa kitenzi cha kila siku cha kunywa. Mkulima wa Kiroma alikitumia kwa maji ya kisimani na kwa divai ya nyumbani. Mwingereza alikichukua kitenzi cha kawaida cha watu wengine, akakiweka kabatini kama sahani ya wageni. Leo akikitoa kwa kusema mtu fulani amekunywa pombe, mara nyingi anafanya hivyo kwa mzaha. Basi hicho tunachoambiwa ni ukuu wa lugha ya watu ni neno la kawaida lililosafiri tu.

Na kama sifa ni kuwa na neno lililosafiri, sisi tunalo. Tunacho kitenzi “kusharabu”. Kimetoka katika Kiarabu, shariba, ambacho kwa Mwarabu ni kunywa tu. Kilipofika kwetu kikachukua kazi maalumu: kufyonza, kuvuta majimaji hadi ndani. Kitambaa husharabu maji, mchanga husharabu, godoro la pamba husharabu. Mzizi huo huo umetuachia sharubati tunayokunywa. Umetuachia pia neno ambalo wengi hawajui asili yake: masharubu. Kwa Kiarabu, shārib ni mwenye kunywa, na ndilo jina la nywele za mdomo wa juu, kwa kuwa hutangulia kuingia kikombeni kabla ya mdomo wenyewe. Kila mwanamume mwenye masharubu anatembea na wanywaji usoni pake. Lugha iliyohifadhi utani mzuri kama huo, tena bila kujivuna, tunaiita maskini!

Basi mwenye kutaka kusema kwamba udongo wa shamba lake Kiabakari umevuta mvua ya kwanza hadi ndani, aseme umesharabu. Au aseme umeinywa, maana wakulima husema hivyo. Waraka kwa Waebrania nao, katika Kiswahili, unaizungumzia nchi iinywayo mvua, kwa kitenzi hiki hiki cha kwetu. Dereva wa lori kutoka Mwanza hulalamika kwamba gari lake linakunywa mafuta. Hapana anayewasahihisha mkulima na dereva. Ni mshairi peke yake anayesahihishwa.

Wapinzani wangu watasema: sawa, udongo na kitambaa tumekupa; lakini maadili, fikra na imani havinywewi. Katika warsha moja ya kufasiri miongozo, sentensi moja iliwataka vijana wawe wameyaingiza maadili ya taifa ndani yao, na imbibe ndiyo iliyokuwa katika Kiingereza chake. Mtu mmoja akapendekeza “wayanywe maadili”, na chumba kizima kikacheka. Wakaafikiana kuandika “wayatumie maadili”. Wala hawakuona kwamba wamegeuza maana: aliyeyanywa maadili yamekuwa damu yake, na anayeyatumia anaweza kuyatundika ukutani jioni, sawasawa na mwavuli.

Kicheko kile kilitokana na kutoijua pwani yetu. Zanzibar na mwambao wote, tangu kale, lipo jambo liitwalo kombe. Aya za Kurani huandikwa kwa wino wa zafarani katika sahani, huoshwa kwa maji, na mgonjwa huyanywa maji yale. Mswahili hunywa maandishi! Mbele ya desturi hiyo, kuna Mwingereza gani wa kutufundisha kwamba neno linaweza kuingia mwilini kwa njia ya kinywa? Kwake yeye ni sitiari. Kwetu ni sahani, wino, maji na mtu anayetaraji kupona. Nawaheshimu wanaolikubali kombe na nawaheshimu wanaolikataa kwa hoja za dini; mjadala huo una wenyewe. Ninachosema ni kwamba Mswahili anayecheka “kunywa maadili” anaicheka nyumba yake.

Tukitoka pwani tukaja kwenye siasa, tunakuta usemi mwingine. Mwanachama asiyeyumba, ambaye hata chama kikikosea haoni kosa, huambiwa amekunywa maji ya bendera. Huo ndio unywaji wa itikadi wenyewe, umesemwa na watu wa mitaani kwa picha kali kuliko chochote ambacho Kilatini kilimpa Mwingereza. Bendera imeloweshwa, rangi imetoka, maji yakanywewa, na mtu akabaki na rangi ile ndani ya utumbo. Anayedai kwamba kuingiza fikra ndani ya nafsi hakuna kitenzi katika Kiswahili hajakaa kijiweni asubuhi moja akasikiliza.

Na kwa yale tuyapatayo utotoni, bila kujua tunayapata, lugha yetu ina kunyonya. Shaaban Robert alipotaka kuonyesha thamani ya lugha ya mama, aliifananisha na titi. Hakuona haya ya titi wala ya kunyonya, naye ni mtu ambaye staha yake haijatiliwa shaka na yeyote. Kwa hiyo tuna kunywa, kusharabu, kunyonya na kufyonza. Na kwa yale yaliyokwisha kuenea mwilini tuna kukolea. Kila kimoja na mahali pake. Mfasiri mwenye vitenzi hivi vyote mezani, naye akachukua “kutumia”, hajakosa neno. Amekosa subira ya kutafuta.

Nimetaja mwanzoni kwamba upungufu huu unaweza kumdhuru mtu. Sikusema hivyo kwa kunogesha maneno. Sisi wa Mara ni watu wa maji. Ziwa liko mlangoni mwa Musoma. Mto Mara unashuka kutoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita Serengeti, na kumwaga ziwani upande wetu. Katika mazingira haya, tofauti ya kunywa na kutumia ni tofauti ya ndoo mbili zilizokaa jikoni. Moja ina maji ya matumizi: kuosha vyombo, kufua, kudeki. Nyingine imefunikwa, maji yake yamechemshwa, na hiyo ni ya kunywa. Mama wa nyumba huwafundisha watoto tofauti hiyo kabla hawajajua kusoma, kwa sababu anakijua kipindupindu. Kwake yeye “kutumia” na “kunywa” ni maneno mawili yanayotenganisha afya na ugonjwa.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi yakawa meusi, yakatoa harufu, na samaki wakafa. Wananchi walielezwa wasitumie maji ya mto wakati uchunguzi ukiendelea. Katika tangazo kama lile, “wasitumie” ni neno sahihi kabisa, kwa kuwa linazuia yote: kunywa, kuoga, kupikia na kunywesha mifugo. Lakini usahihi wake unategemea jambo moja, kwamba msikilizaji bado analijua neno hilo kwa upana wake. Mtu ambaye miaka yote amefundishwa kwamba “kutumia” ni namna ya adabu ya kusema “kunywa”, atasikia nini? Atasikia kwamba asinywe. Kisha ataingia mtoni kuoga, na ng’ombe wake watatangulia mbele yake. Na siku nyingine, pale ambapo kuoga kunaruhusiwa na kunywa tu ndiko kunakokatazwa, tutamwambia kwa neno lipi, kama neno “kunywa” tumelistaafisha? Lugha ikiunganisha ndoo mbili kuwa moja, atakayeumwa ni mtoto wa kijijini. Sisi waandishi tutakuwa tumekaa mjini na chupa zetu za dukani.

Liko jambo jingine, na hili linanigusa kama mwandishi wa bara. Nyuma ya haya ya “kunywa” kuna fununu kwamba neno hili lina harufu ya lugha zetu za nyumbani, kwamba ni Kibantu mno. Ndiyo, ni Kibantu. Mganda, ng’ambo ya ziwa letu, husema okunywa. Mnyarwanda husema kunywa, sawasawa na sisi. Huko Lamu, kwenye chimbuko la ushairi wetu mkongwe, hutamkwa kunwa, na kinywa ni kanwa. Neno linalopatikana Lamu katika kinywa cha malenga, na Kampala katika kinywa cha mama muuza ndizi, lina nasaba kuliko neno lolote la kukodi. Waganda na Wanyarwanda hulitumia hata kwa tumbaku: mtu hunywa sigara. Mwanafunzi wa kwetu akisema hivyo darasani huchekwa na kuambiwa sigara huvutwa. Ni kweli, katika Kiswahili sanifu huvutwa, nami humsahihisha. Lakini nisingeruhusu achekwe. Mturuki na Mmisri nao hunywa sigara katika lugha zao, wala hakuna anayewaona washamba. Lugha zote hizo zinatukumbusha kwamba kunywa, katika asili yake, ni kupana: ni kukiingiza ndani kitu kisichotafunwa, kiwe maji, moshi au mvua. Upana ule tunaouhusudu kwa imbibe tulizaliwa nao.

Kwa washairi nina sababu moja zaidi, nayo ni ya ufundi. Kitenzi hiki kinatupa uhuru wa mizani, kwa kuwa ile “ku” yake hukaa na huondoka: “anayekunywa” ni mizani 5, “anywaye” ni 3, na maana ni moja. Kinatupa minyambuliko yenye uhai. Mtu humnywesha mgonjwa, dawa chungu hainyweki, na aliyeaibishwa mbele za watu hunywea. Hapo msikilizaji huona mtu akisinyaa kama aliyenyonywa maji yake yote. Tena kinatupa kina adimu. Wengi hulia kwamba “-nywa” ni kina kigumu, hakina wenziwe. Wanasahau kwamba kila kitenzi kiishiacho kwa “-nya” kikitendwa huishia kwa “-nywa”: kufanywa, kuponywa, kukanywa, kufinywa, kuchanganywa, kudanganywa, kunyang’anywa. Tazameni jamaa walivyo! Kunywa kumekaa katikati ya kuponywa na kudanganywa. Mshairi wa tembo au wa dawa ahitaji zawadi gani zaidi? Jaribuni kuupata utajiri huo katika “kutumia kinywaji”.

Basi ninapendekeza haya. Mhariri akikutana na “akinywa”, akiache. Mfasiri akikutana na imbibe, ajiulize kwanza kinachoingia ni nini, kinaingia wapi, na kwa njia gani. Akishajibu, atakuta kitenzi kinamsubiri. Mwandishi wa tangazo la maji aandike “kunywa” anapokusudia kunywa, na aandike “kutumia” anapokusudia matumizi yote, wala asilichanganye moja na jingine kwa kuogopa kuonekana hana adabu. Na jamaa wa mlevi, kwa mapenzi yao kwake, waseme anakunywa.

Asiyekubaliana nami namkaribisha ajibu, kwa nathari au kwa shairi. Akijibu kwa shairi, namwekea masharti mawili: kina cha mwisho kiwe “nywa”, na neno “tumia” lisionekane. Nami natangulia na ubeti wangu:

Msiniite mgeni, kwa neno langu la kunywa,
Nimelitoa ziwani, wala silo la kufinywa,
Mwenye haya kileoni, ndiye anayedanganywa,
Kinywa kipeni amani, kazi ya kinywa ni kunywa.

Wasalaam,
Musoma, Mara.